Haragwe la Mwenye Nyumba

Sijui alizaliwa wapi, na nisijifanye kwamba niliwahi kujua. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali, lakini katika miezi yote tuliyotembea naye hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye swali akapata jibu. Ukimuuliza ana miaka mingapi, anakuuliza wewe unaona ni mingapi. Ukimuuliza kwao ni wapi, ananyoosha mkono kuelekea upande wa Embu, mkono unazunguka nusu ya mlima, halafu anataka kujua kama chai imeiva. Usoni tulimwita Madam. Asipokuwepo tulimwita Msimamizi, kwa kuwa ndilo neno lililoandikwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, na lilimtosha.

Alivaa gambuti. Jua liwake, mvua inyeshe, Msimamizi yuko ndani ya gambuti nyeusi za mpira za mkulima, na juu yake sketi iliyopigwa pasi kama ya kwenda kanisani. Mkononi mwavuli, begani mkoba, na ndani ya mkoba, pamoja na karatasi zake, mandazi ya jana. Mandazi hayo hayakuwa yetu, yalikuwa ya mbwa. Aliogopa mbwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa ajili ya woga huo alikuwa amewachunguza mbwa wa Meru na Embu mpaka akahitimu. Kuna mbwa wa mandazi, alitufundisha, kuna mbwa wa mwavuli, na kuna mbwa wa kurudi kesho. Mimi nilichelewa kumtambua huyo wa tatu na suruali yangu moja ikabaki kwenye ua wa watu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani Meru mjini mwaka mzima nikimsaidia mama kuuza mitumba, ndipo nikapata kazi hii ya kuhoji. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza na mama alikuwa ameshaitangaza kanisani. Utafiti ulihusu maji: mnateka wapi, ni mwendo gani, nani anateka, mpo wangapi nyumbani. Ofisi ya Nairobi ilikuwa imechagua vijiji kwa kura, na ndani ya kila kijiji nyumba ishirini, kila nyumba na nambari yake. Majibu ndiyo yangesaidia kuamua visima vichimbwe wapi. Kijiji ambacho nyumba zake nyingi hazikupatikana kingefutwa, na watu wake wangeendelea kubeba mitungi bila kujua kwamba waliwahi kuwa kwenye orodha. Hilo Msimamizi alitukumbusha kila asubuhi, bila kupaza sauti, huku akikaza kamba ya mkoba.

Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa upande wa Kianjai. Mpango wa Nairobi ulisema tuanze saa tatu asubuhi, wahoji watano, kila mmoja nyumba nne, na ikifika Ijumaa tuwe tumemaliza. Ulikuwa mpango mzuri sana kwenye karatasi. Siku ya kwanza tuligonga milango ishirini ikafunguliwa mitano. Siku ya pili tukaongeza miwili. Mhoji mmoja akasema watu wa huku wanatukimbia, mwingine akasema basi tuchukue majirani, si majirani wapo na tena wanatukaribisha chai?

Msimamizi hakubishana. Alienda dukani akanunua daftari la shule la kurasa mia, akalitupa mezani mbele yetu.

"Mlango uliofungwa umejibu," alisema. "Ni nyinyi hamkuandika."

Kuanzia hapo kila aliyekuta mlango umefungwa alipaswa kuandika alichokiona. Saa ngapi. Kufuli liko nje au komeo limefungwa kwa ndani. Majivu ya jikoni yana joto au yamepoa. Nguo zimeanikwa? Mbuzi wapo? Mitungi ya maji ipo au imeondoka? Tulimcheka, nakwambia. Tulisema huyu mama ametufanya wapelelezi wa mbuzi. Yeye jioni akawa anasoma lile daftari kwenye nyumba ya wageni tulikolala, miwani kwenye ncha ya pua, kwa utulivu wa mtu anayesoma Zaburi.

Siku ya tatu alijua kijiji kile kuliko chifu. Asubuhi wenye nyumba wako kwenye miraa, kwa sababu miraa haimsubiri mtu, lazima ichumwe na kufungwa mapema iwahi gari. Mchana wanawake wako mtoni. Siku ya soko usijisumbue. Lakini ikifika saa kumi, kila jiko linatoa moshi. Kwa hiyo akaufunga mpango wa Nairobi ndani ya mkoba, chini ya mandazi, na kutuambia asubuhi tufue nguo, kazi inaanza saa tisa. Siku ya soko alitupeleka sokoni Kianjai kuwatafuta wenye milango iliyofungwa, katikati ya marundo ya ndizi na viazi, tuwaombe saa ya kuwatembelea. Kuwahoji hapo hapo alikataza kabisa. Mwenzetu mmoja alipompata mama wa nyumba ya saba akiuza maparachichi alifurahi mno, akatoa tableti ya kujazia fomu amalizane naye palepale. Msimamizi alikuja nyuma yake akaifunga tableti kwa mkono wake mwenyewe. Sokoni mtu anajibu majirani wakimsikiliza, alisema, na tena hujaona mitungi yake.

Ndipo akatupa ile kauli yake, ambayo tuliiimba mpaka ikawa wimbo wa kuoshea vyombo: "Badilisha saa, badilisha njia, badilisha hata mdomo. Nyumba usibadilishe."

Nilimuuliza kwa nini, maana jirani ni jirani, maji yao ni yale yale. Hilo alilijibu, kwa kuwa halikumhusu yeye. Jirani anayepatikana kila saa, alisema, huenda ndiye mwenye maji karibu. Asiyepatikana ndiye aliyeenda mbali kuyatafuta. Ukimwandika wa kwanza mahali pa wa pili, umechimba kisima kwa mtu mwenye kisima. Nilienda kufua.

Kubadilisha mdomo kulikuwa utaalamu wake. Fomu iliuliza safari ya kwenda kuteka maji inachukua dakika ngapi, na kila mama alijibu "si mbali", hata aliyekuwa na kidonda cha kamba ya kubebea mtungi kwenye paji la uso. Msimamizi akatuambia tuulize hivi: ukiondoka watoto wakienda shule, unarudi kabla ya nini? Hapo yakatoka. Kabla ya chai ya saa nne. Kabla ya jua kufika juu. Mara mbili alibeba mtungi mwenyewe akateremka mtoni na akina mama, na gambuti zake, akipima kwa saa ya mkononi, akarudi akihema na kucheka huku sketi imelowa.

Lakini swali lililotushinda sote lilikuwa lile jepesi. Una watoto wangapi? Mimi ni Mmeru, ningepaswa kujua, ila nilikulia mjini na mjini tunahesabu kila kitu. Kule mama anakutazama kana kwamba umemwomba awatoe nje uwachague. Watoto hawahesabiwi, kama mbuzi wasivyohesabiwa, ukihesabu unakaribisha mkosi. Wengine walisema "ni wale Mungu alinipa". Wengine walitaja nambari yoyote tu ili tuondoke, kisha watoto wanapita uani wengi kuliko hiyo nambari. Mzee mmoja alinijibu kwa upole kwamba aliyewaumba anayo hesabu, niende nikamuulize.

Msimamizi alilala na jambo hilo usiku mmoja. Asubuhi akanunua maharagwe sokoni, kikombe kimoja, akatugawia kila mtu konzi. Usiulize wangapi, alisema. Uliza nani alilala hapa jana. Mwenye nyumba ataje majina, polepole, na kwa kila jina uweke haragwe moja kwenye kiganja na kuandika jina kwenye daftari lako kwa mpangilio ule ule lilivyotoka mdomoni. Usihesabu ukiwa ndani ya ua. Toka, fika barabarani, ndipo uhesabu.

Nilimwambia, lakini Madam, si ni kuhesabu tu? Akanitazama kwa miwani yake. "Sisi hatuhesabu watu," alisema. "Tunahesabu maharagwe."

Haki ya Mungu, ilifanya kazi. Watu waliokuwa wamekunja nyuso waliketi wakataja majina kwa raha, wengine wakanisahihisha haragwe lilipodondoka. Na hapo ndipo Msimamizi alipogundua jambo ambalo hakuna kitabu kilichomfundisha. Mama anataja watoto wote, mume, mama mkwe, kijana wa kazi, hata mgeni aliyelala kwenye kochi. Kisha ananyamaza, amemaliza. Yeye mwenyewe hayumo. Kila nyumba, karibu bila kukosa. Basi Msimamizi akatuagiza tuwe na haragwe moja pembeni, na mama akinyamaza tumuulize: na wewe mama, ulilala wapi? Mama anacheka, anafunika mdomo kwa kanga au kwa mkono, anasema kumbe nimejisahau. Hilo la mwisho tuliliita haragwe la mwenye nyumba.

Maharagwe yaliyotumika hakukubali yapikwe. Wiki ile tulikuwa tumechoka na mkate, mmoja wetu akapendekeza tuyachemshe na mahindi. Msimamizi alikasirika kweli kweli. Aliyatia kwenye mkebe wa majani ya chai na kulala nao kando ya mto wake. Mwanamke msomi, Mkristo, mwenye kucheka ushirikina wa watu, lakini hayo maharagwe usiyaguse.

Ndivyo alivyokuwa, pande mbili kwa kila jambo. Kwenye fomu hakuvumilia uongo hata wa herufi moja, lakini Nairobi wakipiga simu kuuliza tuko wapi aliwaambia "tuko njiani, mtandao ni mbaya" huku amekaa mbele ya sahani ya mukimo. Alihubiri kula kwa saa na yeye chakula chake kilipoa kila siku. Alitukataza kunung'unika kuhusu vilima, kisha kila kilima alikipanda akikinung'unikia kwa Kiembu, tangu chini mpaka juu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo nisingekuwa na cha kusimulia.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa yangu. Iko ng'ambo ya bonde, unateremka kabisa hadi mtoni na kupanda tena. Nilikuwa nimeenda mara tatu, na mara zote tatu sikumpata mtu. Alhamisi jioni mvua ilikuwa inakuja, kesho yake ndiyo mwisho, na nyumba hiyo tu ndiyo iliyobaki kwangu. Nikasimama upande huu wa bonde. Nikaiona nyumba kwa mbali, bati jipya, na kando ya ua nikaona bomba la maji. Nikajisemea, kwani ni nini? Nikaketi kwenye jiwe nikajaza fomu yake na daftari. Mama, baba, watoto wanne, majina mazuri niliyatunga, maji kutoka bomba la uani. Niliweka hata maharagwe sita mfukoni. Nilipofika kwa wenzangu nilipokea pongezi zao bila kuona haya.

Usiku huo Msimamizi alipitia madaftari yote. Kwenye langu alikaa kidogo. Hakuniita pembeni wala hakubadilisha sauti.

"Huyu mama wa kumi na nne amejitaja wa kwanza," alisema. "Sijawahi kumwona mama wa namna hiyo. Kesho twende unijulishe kwake."

Sikulala. Nilimwona mama yangu kanisani akiulizwa kazi ya binti iliishaje. Alfajiri tuliteremka lile bonde wawili, matope mpaka kwenye vifundo, yeye na gambuti zake, mimi na viatu vya mjini, na kwa mara ya kwanza hakukinung'unikia kilima. Afadhali angenitukana. Tulipofika tulimkuta shosho mmoja, bibi mzee, akifungua mlango atoke na mtungi. Nilimwamkia "Muga". Mwenye nyumba alikuwa huyo shosho na wajukuu watatu. Hapakuwa na baba. Hapakuwa na watoto wanne wenye majina mazuri. Na lile bomba nililoliona kwa mbali lilikuwa limetundikwa sufuria. Lilikauka zamani, alisema shosho, sasa ni msumari wake. Alikuwa hapatikani kwa sababu kila alfajiri alishuka mtoni na mtungi, akapumzika njiani mara nyingi, akarudi mchana, kisha akashuka tena.

Msimamizi alinisukumia kigoda. "Mhoji," aliniambia, "hoji."

Nilihoji huku machozi yananitoka na shosho akidhani nina mafua. Alitaja wajukuu watatu akanyamaza. Nikamuuliza, na wewe shosho, ulilala wapi? Akacheka sana.

Tukiwa njiani kurudi Msimamizi alisimama katikati ya kilima akaandika ripoti ya siku kwenye simu, akanisomea kabla ya kuituma. Jina langu lilikuwemo, na nilichofanya kilikuwemo, bila kupunguzwa. Nairobi walipiga baada ya muda mfupi. Nilisikia upande wake tu. Alisema ndiyo, nimeelewa. Akasema ndiyo, iwe juu yangu. Kisha akasema, nipeni mwingine anayejua njia ya nyumba ya kumi na nne, mimi simjui. Akakata. Halafu akaniambia kwamba tunarudi kwenye nyumba zangu zote nilizowahi kuhoji, moja moja, yeye na mimi, na ikipatikana nyingine kama ile nitapanda gari la kwenda Meru jioni hiyo hiyo. Tulirudi zote. Haikupatikana nyingine. Kijiji kikafikisha nyumba zake Ijumaa hiyo, tukiwa tumelowa chapachapa.

Miaka imepita. Juzijuzi nilipitia upande ule nikaona kioski cha maji, si mbali na bonde lile, foleni ya mitungi ya njano imejipanga. Siwezi kusema ni sisi. Lakini nilisimama nikanunua mtungi mmoja ambao sikuuhitaji.

Siku hizi kitambulisho cha Msimamizi nakivaa mimi. Mwaka huu tulikuwa Karurumo, upande wa Embu, utafiti mwingine, orodha nyingine ya nambari. Mhoji wangu mmoja, mwanaume mwenye haraka zake, aliniambia kwamba nyumba ya tisa ameenda mara mbili hakuna mtu, ila jirani yupo na ana hamu ya kuhojiwa. Nilisikia mdomo wangu ukisema, badilisha saa, badilisha njia. Nikamuuliza ameona nini pale. Akasema ameona mlango. Tu? Akasema na gambuti, zimeanikwa juu ya nguzo. Sikushtuka, Karurumo kila mtu ana gambuti.

Kesho yake nilienda mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati watu wanapeleka maziwa barabarani yachukuliwe na gari. Na huyo anakuja na kopo la maziwa, amepungua mwili, kichwa cheupe, miwani ile ile. Alinitazama tangu kichwani mpaka kwenye viatu, akaona nimevaa gambuti, akaridhika.

"Mlikuja saa ngapi?" aliniuliza, kabla hata ya salamu.

Nikasema juzi saa nne, jana saa nane.

"Saa nne niko shambani kwa kahawa. Saa nane nilikuwa ndani, nilimsikia akigonga. Komeo lilikuwa kwa ndani. Aliandika?"

"Hakuandika, Madam."

"Nilijua." Akakabidhi maziwa yake, akachukua kopo. "Nilitaka kuona kama mtanibadilisha."

Nilimkumbatia hapo barabarani, na kopo likiwa katikati yetu, watu wa maziwa wakitutazama. Nilitaka kumwambia mambo mengi ya nyumba ya kumi na nne. Akasema tukimbie kabla chai haijapoa.

Nyumbani kwake niliketi mezani na kufungua tableti, ndipo ikanijia kwamba sasa lazima anijibu. Kwa mara ya kwanza! Nilimuuliza miaka. Akaniuliza naona ni mingapi. Nikangoja. Akaenda chumbani akaleta kitambulisho chake cha taifa, akakiweka mbele yangu akigeuza uso. Mngependa kujua, lakini majibu ya nyumba ni siri, ndivyo alivyonifundisha, kwa hiyo mtabaki hivyo hivyo.

Kisha nikatoa maharagwe. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Nikamuuliza nani alilala hapa jana. Akamtaja binti yake. Akawataja wajukuu wawili. Akamtaja dada yake, aliyekuja kutibiwa macho Embu mjini. Maharagwe manne kwenye kiganja. Akasema hao ndio, akainuka kwenda kuongeza maziwa kwenye chai.

Nilikaa na kiganja wazi. Nilimtazama mgongo, nikidhani ananipima, nikingoja ageuke acheke. Hakugeuka. Alikuwa anatafuta sukari.

Nikaweka la tano.

"Na wewe, Madam," nilisema, "ulilala wapi?"

Alisimama na kijiko mkononi. Akayatazama yale maharagwe, moja moja, midomo ikitembea. Kisha akarudi, akavuta kiti, akaketi.

"Hapa," alisema. "Niandike."

Nikamwandika.